Mstari Chini ya Rangi

26 Februari

Mvua bado, ila mawingu yameanza kufanya mazoezi. Unyevu ukiingia kwenye karatasi, mashine ya fotokopi inazitoa mbili mbili kama wachumba.

Leo mteja aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa alikuwa anabishana na mwenzake kwenye foleni. Yeye anasema daraja la reli la hapa mjini ni la zamani kuliko soko kuu.

"Nani kakwambia?"

"Kwenye mtandao wameandika."

Hao "wameandika" ni mimi. Nilikuwa mbele yake, nimeshika cheti chake, nasubiri mashine ipate moto. Nikajitia hamnazo. Hiyo ndiyo raha ya kazi yangu ya pili, ambayo hata dada yangu haijui: wateja wakipungua nafungua kompyuta ya dukani na kuandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaruhusiwa kuiandika na yeyote anaruhusiwa kukusahihisha. Sharti ni moja. Kila unachosema, uonyeshe umekitoa wapi. Mimi shule niliishia njiani, lakini huko hakuna anayeuliza cheti, wanauliza tanbihi. Nimezisoma kanuni za vyanzo mpaka nimekuwa mtu wa kuitwa wengine wakibishana: gazeti hili linaaminika, blogu ile haifai, kitabu kile mwandishi kajichapishia mwenyewe. Jina langu huko ni Chujio. Nililichagua mwenyewe, na sikuona aibu.

28 Februari

Nina kesi. Makala ya bonde la mto, pale chini ya mji ambako maghala ya zamani yanageuzwa vyumba vya kupanga. Mtu anayejiita Bata Mzinga ameandika kwamba bonde hufurika. Anaandika kwa herufi kubwa zote, kama mtu anayeongea na mkwe kiziwi. Vyanzo vyake ni viwili: picha aliyopiga mwenyewe ya ukuta wa ghala wenye mstari wa matope, na jarida la shule ya msingi la miaka ya zamani, lile la kuchapwa kwa mashine ya stensili.

Nikamjibu kistaarabu. Picha yako mwenyewe si chanzo. Jarida la watoto wa shule si chapisho la kuaminika.

"NJOO BASI UONE UKUTA KWA MACHO YAKO."

"Hapa hatuendi kuona kuta," nikaandika. "Hapa tunasoma."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara kadhaa wakati nafunga duka. Nzuri sana.

2 Machi

Nimepata chanzo cha kumnyamazisha Bata. Gazeti kubwa kabisa, kurasa nne za rangi kuhusu maendeleo ya bonde, na humo ndani imeandikwa kwamba eneo hilo halina historia ya mafuriko. Nikafuta aliyoandika Bata, nikaweka yangu: *Bonde hili halijawahi kufurika.* Fupi, imesimama wima, ina tanbihi.

Bata akaniita kipofu mwenye miwani. Hilo ni tusi, na tusi ni kosa. Nikampelekea taarifa Mkutubi, mwenzetu mwenye mamlaka ya kufungia watu. Simjui kwa sura. Najua tu kwamba anafanya kazi maktaba fulani na hajawahi kukosea nukta. Amemfungia Bata mpaka mvua ziishe.

3 Machi

Kimya kitamu.

9 Machi

Dada kaja dukani kabla sijafagia, amebeba begi la vitambaa. Dada yangu ni fundi cherehani. Tangu shemeji aondoke na kusahau kurudi, anaishi na binti yake kwenye chumba ambacho ukifungua mlango unagonga cherehani.

"Mdogo wangu, nimepata nyumba! Kubwa! Chini kabisa, hakuna ngazi, wateja wanaingia moja kwa moja. Ghala la zamani, wamelikata vyumba, rangi bado inanukia."

"Wapi?"

"Bondeni."

Nikashughulika na karatasi.

"Najua unachofikiria," akasema. "Na mimi sikukurupuka. Mama mmoja sokoni alinitisha, eti huko maji hujaa. Nikamwambia binti yangu aangalie kwenye simu. Akanisomea: bonde hili halijawahi kufurika. Hivyo hivyo! Na kanamba kadogo pembeni, kanachoonyesha walikotoa. Wasomi wale, hawaandiki tu."

Hapo ndipo ningesema. Ingekuwa mzaha tu: dada, msomi mwenyewe ndiye huyu hapa, ana wino wa mashine kwenye pua. Tungecheka, halafu ningesema, lakini subiri kidogo, nihakikishe.

Nikasema, "Hongera, dada."

14 Machi

Nimemsaidia kuhama. Cherehani mbili, meza ya kukatia, kitanda, kabati lisilo na mlango, na binti yake, mpwa wangu wa miaka saba, aliyebeba sufuria kichwani kama kofia ya askari.

Chumba kweli ni kikubwa. Kuta nyeupe. Nilipokuwa nasukuma meza hadi ukutani nikaona kitu chini ya rangi. Mstari wa rangi ya chai hafifu, umenyooka, umepita kuta zote nne bila kuruka hata kona. Rangi mpya ilikuwa imeufunika, lakini unyevu ulikuwa unaurudisha.

Niliujua ukuta ule, hata tundu la dirisha lililozibwa kwa matofali kwenye kona. Ndio ukuta wa picha ya Bata Mzinga.

"Rangi mbaya," dada akasema. "Mwenye nyumba kachakachua. Nitabandika picha."

Mpwa akasimama kando ya mstari. Ukamfika kidevuni.

"Mjomba, huu mstari wa nini?"

Nikamjibu, "Wa kupimia watoto."

Akafurahi. Akachukua penseli akaandika jina lake pale pale.

15 Machi

Sikuandika chochote popote leo. Nilisafisha vioo vya mashine.

21 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo, ya adabu. Nikapita kwa dada, eti kuangalia soketi. Pakavu.

"Weka vitambaa juu ya kabati," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Panya."

27 Machi

Mvua. Nimepita tena. Pakavu. Mto umebadilika rangi.

Mpwa ameanza kujipima kila siku akitoka shule. Anadai ameongezeka.

30 Machi

Mvua. Sikupita. Nimempigia simu nikamuuliza habari za panya.

2 Aprili

Mvua tangu asubuhi, wateja hakuna. Nimekaa na lile gazeti.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kunifuta. Chini ya ukurasa wa nne kuna maneno madogo, madogo kama miguu ya sisimizi: *Makala ya kulipiwa*. Yaani si habari. Ni tangazo la wenye maghala, limevalishwa suti ya habari. Na kanuni ninazowafundisha wenzangu zinasema wazi kwamba tangazo la kulipiwa si chanzo.

Natamani ningeandika kwamba nimeyaona leo. Niliyaona siku ile ile. Nilikuwa nimechoshwa na Bata na herufi zake. Nilitaka ashindwe. Jarida la watoto wa shule halikuwa na faida ya fedha kwa mtu yeyote, hakuna aliyelipwa ili aseme uongo ndani yake, nami nikalitupa kwa sababu karatasi yake ilikuwa mbaya. Tangazo nikalipitisha kwa sababu lilikuwa na rangi.

Mimi, nisiye na cheti, nimemfukuza mtu kwa kukosa makaratasi.

Kama ningekuwa mtu, ningeifuta ile sentensi sasa hivi. Lakini nikiifuta, Mkutubi atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema tangu lini nilijua. Mvua yenyewe inaweza kuisha wiki hii. Miaka mingine huisha mapema.

5 Aprili

Haijaisha.

8 Aprili

Leo nimejaribu. Nimemkuta dada anashona sare za shule, milima ya bluu kila mahali.

"Dada, kwani kile chumba cha zamani kilipata mpangaji?"

"Unataka nirudi kwenye lile sanduku? Mdogo wangu, una nini? Mara panya, mara soketi, mara vitambaa juu. Sema."

"Mto umejaa."

"Mto ukijaa si ndio mto? Ungekuwa mkavu ningeogopa."

"Watu wanasema huwa unatoka."

"Watu gani? Wewe mtu wa fotokopi unabishana na wasomi wa mtandao?" Akacheka mpaka sindano zikamtoka mdomoni. "Mwanangu, hebu msomee mjomba wako."

Mpwa akanisomea. Akatamka kila neno kwa uangalifu, kama anavyosomea mwalimu. *Bonde hili halijawahi kufurika.*

Nikasema vizuri, unasoma vizuri sana. Nikaomba maji ya kunywa.

12 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Mvua. Mteja ameleta picha za pasipoti zilizolowa, sura imeyeyuka. Akauliza kama naweza kutoa nakala iliyo wazi kuliko yenyewe. Nikamwambia mashine haifanyi hivyo. Inachukua kosa ulilonalo, inakupa lingine kama hilo.

17 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Kabla ya adhuhuri simu ya dada. Sauti yake sijawahi kuisikia vile.

"Niko sokoni, nimefuata nyuzi. Shule imewarudisha watoto mapema. Mtoto yuko nyumbani, peke yake. Wanasema barabara ya chini imekatika. Wewe uko karibu. Kimbia!"

Niliacha duka wazi. Mteja alikuwa na kitambulisho chake ndani ya mashine, nasikia alikitoa mwenyewe. Juu ya mteremko watu walikuwa wamesimama wameshika vichwa. Chini hapakuwa na barabara. Palikuwa na maji ya kahawia yanayotembea taratibu, yamebeba ndoo, kandambili, mlango mzima.

Nikaingia. Magotini, mapajani, kiunoni. Sijui kuogelea. Nilishika ukuta wa ghala kama kipofu nikahesabu milango mpaka nikafika kwake. Mlango wake ulifunguka nusu tu, kitanda kilikuwa kinaelea nyuma yake. Nikapenya.

Mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya meza ya kukatia, amekumbatia bunda la sare. Maji yalikuwa yamefunika meza na kumfika miguuni. Hakuwa analia. Alikuwa ameelekeza macho ukutani, pale penye jina lake la penseli. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kufika kwenye mstari.

"Mjomba," akasema, "kumbe na maji nayo yanapimwa hapa?"

Nilimweka mabegani. Hakutaka kuziacha sare, alisema ni za watu. Tulitoka hivyo, yeye juu na sare zake, mimi chini namwomba Mungu kwa maneno nisiyoyakumbuka. Juu ya mteremko dada alikuwa amefika, viatu hana. Akamchukua mtoto, kisha akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Mdogo wangu umeniokolea mwanangu. Mungu akulipe. Mungu akulipe."

Akalisema hilo kwa kila aliyepita. Sikujua niweke wapi macho yangu.

18 Aprili

Wamehamia kwangu. Cherehani zipo uani, zimefunguliwa, vyuma vimetandazwa juu ya gunia kama samaki. Dada anawasimulia majirani jinsi nilivyoingia majini bila kujua kuogelea. Kila akisimulia, maji yanapanda kidogo. Leo jioni yamefika shingoni mwangu.

19 Aprili

Gazeti. Lile lile. Ukurasa wa mbele: BONDE LAFURIKA KWA MARA YA KWANZA. Ndani: "Bonde hilo, ambalo kwa mujibu wa ensaiklopidia ya mtandaoni halikuwahi kufurika..."

Na mtandaoni kijana mmoja mwenye bidii ameshaongeza kwenye makala: *Mwaka huu bonde lilifurika kwa mara ya kwanza katika historia.* Ameweka tanbihi. Chanzo, gazeti. Chanzo cha gazeti, sisi. Chanzo chetu, mimi, na tangazo lililonunuliwa kwenye gazeti hilo hilo.

Nakala ya nakala kwenye mashine yangu hupauka. Hii kila ikitolewa inakolea.

Mwenye nyumba amekutana na wapangaji wake kwenye matope. Dada kasema aliinua simu juu wote waione. "Hata wasomi hawakujua, jamani. Hii ni kazi ya Mungu, nani wa kumlaumu?" Wakakubali. Dada naye kakubali. Mwenye nyumba ameahidi kupaka rangi upya.

20 Aprili

Nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba "mara ya kwanza" si kweli, kwamba kuna mstari ukutani, nimeuona mwenyewe, na ni wa zamani kuliko mafuriko haya.

Mkutubi amejibu kwa upole. "Chujio, unachokiona kwa macho yako si chanzo. Wewe ndiye uliyetufundisha. 'Hapa hatuendi kuona kuta.'"

Ameiweka sentensi yangu ndani ya alama za kunukuu.

22 Aprili

Nimeandika upya. Nimesema ukurasa wa nne wa gazeti lile una maneno madogo chini, waangalie. Nimesema niliyaona siku ile ile niliyoliweka gazeti hilo. Nimesema Bata Mzinga alifungiwa kwa sababu alinitukana, na alinitukana kwa sababu nilistahili. Nimeomba afunguliwe, na nimeomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya wanaoitwa kuamua vyanzo. Nikabonyeza kabla sijapata akili.

Jibu la Mkutubi limekuja jioni: "Nimefuta sentensi zote mbili. Lile jarida la shule nimelipata kwenye rafu za maktaba yetu. Lina tarehe, lina mhariri, na lina orodha ya madarasa yaliyolala juu ya paa usiku wa mafuriko. Lilikuwa chanzo tangu mwanzo. Na mimi sikuliangalia, nilikuangalia wewe."

Kwa hiyo Chujio amekiri. Ni rahisi, Chujio hana uso. Mimi bado nakula meza moja na dada, na jana aliniongezea nyama.

24 Aprili

Nilimwambia leo. Alikuwa uani anapaka mafuta vyuma vya cherehani, mtoto yuko shule. Nilisimama, nikaona nasimama kama mtu anayedai, nikachuchumaa.

"Dada, wale wasomi wa mtandao."

"Waache tu. Na wao ni binadamu."

"Ni mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza yote: kazi ya pili, Bata, picha ya ukuta, gazeti, maneno madogo. Nikamwambia kwamba siku ya kuhama niliujua ule mstari, na panya hawakuwapo. Aliendelea kupaka mafuta chuma kile kile.

"Simu hii hapa," akasema. "Nisomee."

"Imefutwa, dada."

"Unaikumbuka. Nisomee."

Nikaisema. *Bonde hili halijawahi kufurika.* Maneno manne, uani, mbele ya cherehani zake.

Akafuta mikono.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ndiyo maana niliamini."

Angenipiga ningeshukuru. Akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Kisha akatoka tena.

"Sina pa kwenda," akasema. "Kwa hiyo nitakaa. Lakini usiniongeleshe."

27 Aprili

Bata Mzinga amefunguliwa. Nilimwandikia samahani ndefu, yenye aya. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimeshayatayarishia nafasi.

Amejibu kwa herufi zake kubwa, maneno mawili tu.

"WATOTO WAZIMA?"

Nikamjibu wazima. Hakuandika tena.

30 Aprili

Manyunyu. Dada amemtuma mtoto aniambie chumvi imekwisha. Nimenunua mbili.

3 Mei

Cherehani moja imepona. Nyumbani hakuna nafasi, kwa hiyo nimempa kona ya dukani, kando ya mashine. Amekubali kwa kichwa. Tunafanya kazi tumepeana migongo. Cherehani inaongea, mashine inajibu, sisi kimya.

6 Mei

Jua. Duka limejaa watu wenye nyaraka zilizokauka zikajikunja.

Mchana akaingia dalali mmoja, mwenye shati safi, na tangazo la kutolewa nakala hamsini. Vyumba vya kupanga bondeni. Rangi mpya. Hakuna ngazi. Nikalisoma, nikaliweka juu ya kaunta.

"Hili sitoi."

"Kwa nini? Wino umekwisha?"

"Huko panafurika. Si mara ya kwanza. Ukienda kwenye kuta, utakuta mstari chini ya hiyo rangi yenu."

Watu kwenye foleni wakageuka. Dalali akatabasamu, tabasamu ninalolijua, maana nimelivaa sana.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

Nyuma yangu cherehani ikasimama. Dada, ambaye hajanisemesha tangu siku ile uani, akasema bila kugeuka:

"Huyo ndiye mtandao wenyewe. Msikilize. Safari hii alikwenda kuona."

Foleni ikacheka, wakidhani ni mzaha. Masikio yangu yaliwaka moto. Dalali akachukua karatasi yake akatoka, akavuka barabara, na kule ng'ambo kuna duka lingine la fotokopi.

Cherehani ikaanza tena. Nilichukua karatasi tupu, nikaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa zote, BONDENI PANAFURIKA, NILIINGIA MAJINI NIKAMTOA MPWA WANGU, ULIZA HAPA, nikaibandika mlangoni kwa nje. Haina tanbihi.